Yai Ndilo Linalomkalisha Kuku

Mfugaji hahitaji kipimo cha maabara kumjua kuku aliyeanza kuatamia. Wenzake wanapomwagiwa pumba asubuhi, yeye hatoki. Kajibandika kiotani, manyoya yamemtutumka, ukimpelekea mkono anadonoa, na yai la jana huenda ndilo la mwisho kwa muda mrefu. Aliyekuwa akingoja vifaranga hufurahi. Anayeuza mayai huanza kutafuta dawa: huyu humtumbukiza kuku kwenye ndoo ya maji, yule humfunga mguu mbali na kiota, mwingine humpitisha unyoya kwenye tundu za pua. Baadhi ya dawa hizo hufanya kazi na nyingine ni mateso ya bure. Kujua ipi ni ipi kunategemea swali moja: ni kitu gani hasa kinachomgeuza kuku wa kutaga kuwa kuku wa kuatamia?

Jibu la haraka ni homoni iitwayo prolaktini. Si jibu la uongo, ila limeegemea upande mmoja. Linamfanya kuku aonekane kama anayepokea amri kutoka kichwani kushuka chini, ilhali sehemu kubwa ya amri hiyo huanzia chini, kwenye yai lenyewe, na kupanda kichwani. Nadhani anayelielewa hilo atamwelewa kuku wake vizuri zaidi kuliko aliyekariri majina ya homoni kumi.

Mwaka 1928 Stricker na Grueter, watafiti wa Strasbourg nchini Ufaransa, walionyesha kwamba kimiminika kilichotolewa kwenye pituitari, tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo, humfanya sungura atoe maziwa. Miaka michache baadaye Oscar Riddle na wenzake wa Carnegie Institution, katika kituo cha Cold Spring Harbor huko New York, waliichambua homoni hiyo, wakaipa jina la prolaktini, na wakapata njia ya kuipima kwa kutumia njiwa. Njiwa dume na jike hulisha makinda yao uji mzito wenye mafuta na protini. Uji huo hutengenezwa na ukuta wa gole, ule mfuko wa shingoni unaohifadhi chakula. Heroe wa Ziwa Natron nao hulea makinda yao kwa namna inayofanana na hiyo. Prolaktini huufanya ukuta wa gole unenepe, kwa hiyo ilitosha kumdunga njiwa sindano, kisha kupima gole lake. Mwaka 1935 Riddle na wenzake waliandika kwamba kuku watagaji waliodungwa prolaktini waliacha kutaga na kukaa kiotani. Miaka kumi baadaye, Marekani hiyohiyo, Nalbandov na Card waliwadunga majogoo, na wapo walioanza kulea vifaranga. Lengo lao lilikuwa la kibiashara: kumtambua jogoo atakayewarithisha binti zake tabia ya kuatamia, ili asichaguliwe kuwa wa mbegu.

Kazi ya prolaktini mwilini ni pana. Inapopanda, homoni zinazoiamsha ovari, hasa ile iitwayo LH, hushuka. Ovari husinyaa na utagaji husimama. Kwa hiyo kuku anayeatamia hajagoma kutaga. Kiwanda chake cha mayai kimefungwa kwa muda. Pamoja na estrojeni, prolaktini huiandaa ngozi ya kifua na tumbo katika ndege wengi: manyoya hupukutika, mishipa ya damu huongezeka na kutanuka, na ngozi hujaa majimaji ikawa laini na ya moto. Ngozi hiyo ndiyo inayolishika yai.

Halafu kuna suala la njaa, na hapa watu wengi hukosea. Mwaka 1980 Sherry, Mrosovsky na Hogan waliwachunguza kuku-mwitu wekundu wa Asia, mababu wa kuku wetu wa nyumbani. Waliwawekea chakula karibu kabisa na kiota, lakini kuku hao walikula kidogo tu na wakaendelea kukonda. Mtu angesema wanajinyima kwa ajili ya mayai. Ila walipofungishwa kwa makusudi wakakonda kupita kiasi, na kisha wakarudishiwa chakula, walikula mpaka wakafikia uzito ule mdogo unaolingana na siku yao ya kuatamia, wakaishia hapo. Kumbe mwili ulikuwa umejishushia kiwango cha shibe. Mfugaji mwenye huruma anayemsukumia mwatamiaji chakula mdomoni anapambana na kitu ambacho si njaa. Amwekee maji safi na punje karibu, amwache ashuke mwenyewe mara moja kwa siku.

Sasa tugeuze swali: prolaktini yenyewe inapandishwa na nini? Kwa wanyama wanaonyonyesha, ubongo huizuia pituitari muda wote kwa kemikali iitwayo dopamini. Ni kama dereva aliyekanyaga breki kwenye mteremko, akiinua mguu gari linakwenda lenyewe. Kwa ndege, kinachotawala ni mguu wa mafuta. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari, lazima itume kichocheo, la sivyo prolaktini hubaki chini. Kichocheo hicho ni peptidi inayoitwa VIP, ambayo iligunduliwa mahali pasipohusiana kabisa na kuku: mwaka 1970, Sami Said na Viktor Mutt waliipata kwenye utumbo wa nguruwe. Baadaye ikabainika kuwa ubongo wa ndege huitumia hiyohiyo kuiambia pituitari imwage prolaktini.

Aliyefuatilia jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi ni Mohamed El Halawani wa Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa kutumia bata mzinga, ndege ambaye kuatamia kwake huwatia hasara wafugaji wa Marekani. Bata mzinga walipochanjwa ili miili yao itengeneze kinga dhidi ya VIP, prolaktini yao haikupanda, hawakuatamia, na walitaga mayai zaidi. Jaribio jingine linaeleza zaidi. Neva za ngozi ya tumbo zilipokatwa, ndege walishindwa kuingia kwenye kuatamia kama kawaida, ingawa pituitari na ubongo havikuguswa. Kilichokosekana ni habari kutoka tumboni: pana kitu cha mviringo, laini, kimegusa ngozi.

Huo ndio mzunguko wenyewe. Yai hugusa ngozi, ngozi hupeleka habari ubongoni, ubongo hutoa VIP, pituitari humwaga prolaktini, prolaktini humfanya kuku akae, na kuku akikaa yai linaendelea kugusa ngozi. Ukiukata popote, prolaktini hushuka ndani ya siku moja au mbili na LH huanza kupanda.

Turudi kwenye zile dawa za mfugaji. Ndoo ya maji humpoza kuku na kumshtua. Baada ya robo saa anajipangusa na kurudi kiotani, na mzunguko unaanza upya. Unyoya wa puani haugusi mzunguko popote. Ni adha tu, na uachwe. Kumhamisha kuku kabisa, au kumweka siku chache kwenye tundu lililoinuliwa lenye sakafu ya waya, lisilo na nyasi wala kona ya kujificha, huku akipewa chakula na maji, kunafanya kazi kwa sababu kunaondoa vitu viwili kwa pamoja: yai na kiota. Upepo unaopita chini ya tumbo lisilo na cha kugusa unatosha. Tundu la namna hiyo litumiwe mapema, kwani kuku aliyeatamia siku mbili hurudi kwenye utagaji haraka kuliko aliyeatamia wiki mbili, ambaye ovari yake imeshasinyaa na itahitaji muda wa kujengeka upya.

Lakini mzunguko unaelezea kuendelea, hauelezei kuanza. Nani hulikalia yai la kwanza wakati prolaktini bado iko chini? Hapa ndipo kazi ya Daniel Lehrman, aliyeanzisha taasisi ya kuchunguza tabia za wanyama katika Chuo Kikuu cha Rutgers mjini Newark, ilipobadilisha mjadala. Alitumia njiwa wa kufugwa wenye ukosi mweusi, ambao dume na jike hupokezana: dume huatamia saa kadhaa za mchana, jike huchukua muda uliobaki na usiku kucha. Aliwaweka njiwa wawili, dume na jike, katika tundu lenye kiota kilichokwisha kujengwa na mayai ndani yake. Hawakuyajali. Kwanza dume aliinama na kumlilia jike, kisha wakaanza kukusanya vijiti kana kwamba mayai hayapo. Baada ya siku tano hadi saba hivi ndipo walipokaa. Njiwa waliodungwa projesteroni mapema walikaa karibu mara moja. Jike aliyemwona dume akimbembeleza kupitia kioo, bila hata kuguswa, ovari yake ilikua. Na dume aliyetenganishwa na kiota kwa kioo, huku akimwona mwenzi wake akiatamia, gole lake liliendelea kunenepa.

Kwa hiyo homoni huzaa tabia, tabia ya mwenzi huzaa homoni, na kiota huzaa vyote viwili. Estrojeni na projesteroni huanzisha, prolaktini hushikilia. Riddle alikuwa ameona nusu ya pili ya safari. Kwa kuku wa nyumbani, ambaye jogoo hamsaidii kuatamia, kazi ya kumwandaa hufanywa zaidi na kiota chenyewe: kadiri anavyokaa kidogo zaidi kila siku anapotaga, na kadiri mayai yanavyoongezeka chini yake, ndivyo prolaktini inavyojikusanya. Anayeokota mayai kila siku anachelewesha jambo hilo. Anayeyaacha yarundikane anaita uatamiaji, ajue asijue.

Mwanga nao una neno. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini siku ndefu za majira ya machipuko huamsha ovari na kupandisha prolaktini, na vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa kwa kuku wa huko. Kwetu karibu na Ikweta mchana haubadiliki kiasi cha kutajwa. Ndiyo maana utafiti uliofanywa Thailand juu ya kuku wa asili wa nchi hiyo, uliomhusisha Yupaporn Chaiseha akishirikiana na El Halawani, una faida kwetu kuliko ule wa Minnesota pekee. Kuku hao huzaa mwaka mzima na ni waatamiaji hodari kama wa kwetu. Kwao VIP na prolaktini hufuata hatua ya kiota, si kalenda ya jua.

Ikiwa mzunguko ndio kila kitu, basi si lazima aliye ndani yake awe jike. Katika nyanda za Usangu, mkoani Mbeya, Wolfgang Goymann na wenzake kutoka Ujerumani wamemchunguza dudumizi mweusi. Jike wa ndege huyu ni mkubwa kuliko dume, ndiye anayeimba na kupigania eneo, na anaweza kuwa na waume kadhaa. Dume huatamia na kulisha makinda peke yake. Mtu angetarajia damu ya jike ijae testosteroni. Sivyo ilivyo. Jike hakuwa na testosteroni nyingi kuliko dume. Tofauti ilionekana ubongoni, ambako jike alikuwa na vipokezi vingi zaidi vya homoni hiyo katika sehemu inayohusika na ugomvi; na majike walioongezewa projesteroni walipungukiwa na ukali. Falaropi, ndege wa majini wa kaskazini ambaye dume wake ndiye anayeatamia, ni hivyohivyo: prolaktini hupanda zaidi kwa dume, na ngozi ya dume ndiyo inayoitika na kutoa manyoya. Mbuni wa Tsavo, aliyechunguzwa na Brian Bertram, amegawa zamu: dume usiku, jike mkuu mchana, huku majike wengine wakitaga kwenye kiota hichohicho na kwenda zao.

Funzo la dudumizi ni kwamba wingi wa homoni kwenye damu ni upande mmoja wa habari. Upande wa pili ni nani ana sikio la kuisikia. Hali hiyo huonekana waziwazi zaidi kwa cowbird wa Amerika Kaskazini, anayetaga katika viota vya ndege wengine na kuwaachia malezi. Pituitari yake ina prolaktini. Lakini hata akidungwa homoni zilezile zinazowatoa manyoya ya tumbo ndege wa jamii yake, ngozi yake haibadiliki.

Upo pia ushahidi unaoelekea kuupinga mzunguko wangu, na sitaki kuuficha. Pengwini mkuu wa Antaktika hulishika yai juu ya miguu yake kwa siku zipatazo 64, dume akiwa amefunga kula. Baadaye wazazi hupokezana safari ndefu za baharini kutafuta chakula. Kama prolaktini yake ingetegemea kuguswa na yai au kinda, angerudi kutoka baharini akiwa ameshasahau ana mtoto. Na kweli prolaktini yake haishuki: hubaki juu hata bila yai, hata bila kinda. Gharama yake ni kwamba pengwini waliofiwa na kinda huiba makinda ya wenzao. Mwaka 2006 Frédéric Angelier na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapa pengwini bromokriptini, dawa inayoshusha prolaktini, na wizi huo ulipungua. Naona mfano huu unauthibitisha mzunguko kwa njia ya mlango wa nyuma: ndege ambaye maisha yake hayamruhusu kuwa karibu na yai ndiye aliyelazimika kuachana na utaratibu wa kuguswa. Kuku hajawahi kuwa na sababu hiyo.

Mfungo huo una mpaka, hata kwa pengwini. Akiba ya mafuta ikikaribia kwisha, homoni ya dhiki, kortikosteroni, hupanda na prolaktini hushuka. Mzazi huliacha yai na kwenda baharini. Mfugaji wa kuku hukutana na jambo la kushabihiana na hilo pale utitiri unapovamia kiota. Kuku aliyekuwa ameng'ang'ania wiki mbili huinuka usiku mmoja na harudi. Kabla ya kumlaumu, ageuze nyasi na kuchungulia.

Wapo wafugaji wa Tanzania wanaoutumia mzunguko huu kwa ustadi bila kuuita jina. Wanaotaka vifaranga vya rika moja huwaatamisha kuku kwa pamoja: wa kwanza akianza kukaa, huachiwa mayai viza au yai moja lililowekewa alama, mayai mazuri yakahifadhiwa mahali penye ubaridi, na wengine wakifika hatua hiyo, wote huwekewa mayai mapya siku moja. Viza na zima ni sawa kwa ngozi ya tumbo. Vivyo hivyo kuku hana kalenda ya siku 21. Akiwekewa mayai ya kanga au ya bata, ataendelea mpaka siku ya 28, kwa sababu kinachomwinua si hesabu ya siku bali kugeuka kwa kilicho chini yake: kinapoacha kuwa yai na kuanza kulia.

Vifaranga vikitoka, prolaktini hushuka, lakini uwepo wao unaendelea kuichelewesha ovari kuamka. Kuku wa kienyeji anayetaga mayai kumi na tano kwa wiki tatu hivi, akaatamia wiki tatu, kisha akalea miezi miwili au mitatu, ana mizunguko mitatu tu kwa mwaka, na hesabu hiyo inaishia kwenye mayai 45. Sehemu kubwa ya muda huo inaliwa na malezi, si kuatamia. Anayevitenga vifaranga mapema, vikiwa na wiki nne na bruda yenye joto, anaokoa muda mwingi kuliko anayepigana na kuku kiotani.

Viwanda vya mayai vilichagua njia nyingine: kumfuta mwatamiaji kabisa. White Leghorn, kuku mweupe mwenye asili ya Italia, amechaguliwa kwa vizazi vingi mpaka ni nadra akae. Hilo liliwezekana kwa sababu mashine ilichukua kazi yake. Misri ilikuwa na matanuri ya kutotolea mayai maelfu tangu zama za kale, na sidhani ni sadfa kwamba Fayoumi, kuku wa huko, naye si mwatamiaji mzuri. Ambapo kifaranga hakimhitaji mama, hakuna anayeona hasara mama anapopotea kwenye ukoo.

Tabia hiyo ilipoteaje? Kwa muda mrefu iliaminika kuwa inabebwa na kromosomu Z, ambayo binti wa kuku huipata kwa baba peke yake, na wazo la kumlaumu jogoo lilistawi hapo. Jeni ya prolaktini yenyewe haiko kwenye Z. Iko kwenye kromosomu ya pili, ingawa jeni ya kipokezi chake ndiyo iliyo kwenye Z. Mwaka 2002 Romanov, Peter Sharp na wenzao wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walichapisha matokeo ya kuwachanganya bantamu, kuku wadogo waatamiaji hodari, na White Leghorn. Ushahidi haukuelekea kwenye Z. Ulielekea kwenye jeni zaidi ya moja, nyingine zikichochea na nyingine zikizuia.

Jambo hilo lina uzito kwa nyumba nyingi za Tanzania na Kenya zinazoingiza machotara wanaotaga sana na kukaa kwa nadra, kama kienyeji walioboreshwa na KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya. Penye umeme, mashine na muuza vifaranga wa kuaminika, kuku asiyeatamia ni faida tupu. Pasipo na hivyo, nyumba iliyobaki na machotara peke yao itanunua vifaranga kila mara, na mimi ningeshauri isikose kuku wawili watatu wa kienyeji wa kulalia mayai ya wenzao. Anayetaka kuipunguza tabia hiyo bila kuimaliza asitegemee kubadilisha jogoo na kungoja matokeo yaliyo sawa kwa wote. Katika kizazi cha pili cha mchanganyiko, dada wawili wa tumbo moja wanaweza kukua banda moja, wakala chakula kimoja, mmoja akaatamia kila baada ya mayai kumi na mbili na mwenzake asilale kiotani hata usiku mmoja.